Familia za Ziwa Maracaibo: uchambuzi wa kisa cha ugonjwa wa Huntington

Magharibi mwa Venezuela, kandokando ya Ziwa Maracaibo katika jimbo la Zulia, wanaishi watu wenye ugonjwa wa Huntington wengi kuliko mahali pengine popote panapojulikana duniani. Ni ugonjwa wa kurithi unaoharibu chembe za ubongo: mwili huchezacheza wenyewe, tabia hubadilika, na mgonjwa hushindwa kujitegemea polepole. Wako Barranquitas, mji mdogo wa wavuvi kwenye ufuko wa magharibi. Wako San Luis, mtaa wa maskini ndani ya jiji la Maracaibo. Wako Laguneta, ambako nyumba zimejengwa juu ya nguzo majini. Katika mitaa hii si ajabu kukuta nyumba ambayo babu alishakufa nao, baba anaugua, shangazi wawili wanaugua, na watoto wanakua huku kila mmoja akijiangalia vidole.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu kwa sababu kina madhara ya namna mbili, na watu huyachanganya. Kuna yale yanayotoka kwenye jeni yenyewe, ambayo hadi leo hayana tiba ya kuyaondoa. Na kuna yale yanayopachikwa juu yake: njaa, kupaliwa, kuanguka, dawa isiyofaa, siri na jina baya. Haya ya pili huwafupishia wagonjwa maisha na kuichosha familia kabla ya wakati, na mengi yake hupungua kwa kazi ya watu wa nyumbani wakielekezwa vizuri. Anayesema "hakuna la kufanya" ametazama namna ya kwanza tu.

Walivyojulikana

Jina la ugonjwa linatokana na George Huntington, daktari kijana wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872 kutokana na familia za Long Island. Huko Maracaibo wenyewe waliuita el mal, na waliujua muda mrefu kabla ya daktari yeyote kufika. Miaka ya 1950 Américo Negrette, daktari wa Kivenezuela, alikuwa akifanya kazi San Luis. Aliona watu wakiyumba barabarani akadhani wamelewa. Wakazi wakamwambia hawajalewa, wanaumwa. Alifuatilia koo, akachora nasaba, na mwaka 1955 akawasilisha alichokiona. Hakusikilizwa sana nje ya nchi yake. Mwaka 1972, kwenye mkutano wa miaka 100 ya maandishi ya Huntington uliofanyika Ohio, mwanafunzi wake Ramón Ávila Girón alionyesha filamu ya wagonjwa hao, na watafiti wa Marekani wakashtuka kuona ukoo mkubwa kiasi kile.

Miongoni mwa waliolifuata jambo hilo alikuwa Nancy Wexler, mwanasaikolojia ambaye mama yake aliugua na kufa kwa ugonjwa huohuo. Tangu mwaka 1981 timu yake ilikwenda Zulia mwaka hadi mwaka kwa zaidi ya miongo miwili. Walikusanya zaidi ya sampuli 4,000 za damu na kujenga nasaba ambayo, ilipochapishwa mwaka 2004, ilikuwa na watu 18,149 wa vizazi 10, wengi wao wakiwa hai. Walioogopa kuchukuliwa kipande cha ngozi walionyeshwa kovu la Wexler mwenyewe mkononi, kwani na yeye alikwisha kutoa. Kwa watu waliodhani ugonjwa huu uko kwao peke yao, kovu lile lilikuwa na uzito kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu.

Mwaka 1983 James Gusella na wenzake walitangaza kwamba jeni iko kwenye kromosomu namba 4. Waliigundua kwa kufuata alama moja ya DNA, G8, iliyorithiwa sambamba na ugonjwa. Kuipata jeni yenyewe kulichukua miaka 10 mingine, hadi Machi 1993. Kipimo cha damu kinachotumika leo dunia nzima kimetokana na kazi hiyo, na kazi hiyo isingewezekana bila damu ya wavuvi wa Zulia.

Hesabu ya urithi

Kwenye jeni hii kuna mahali ambapo herufi tatu za DNA, C, A na G, hujirudia. Kila mtu anazo. Marudio 26 au pungufu hayana tatizo. Kuanzia 27 hadi 35 mwenyewe haugui, ila idadi inaweza kuongezeka anapozaa. Kati ya 36 na 39 mtu anaweza kuugua au asiugue. Kuanzia 40 kwenda juu ataugua, iwapo ataishi umri wa kawaida. Kadiri marudio yanavyokuwa mengi ndivyo ugonjwa unavyowahi. Wengi huanza kati ya miaka 30 na 50. Watoto wanaougua kabla ya miaka 20 mara nyingi wana marudio zaidi ya 60, na wengi wao wameurithi kwa baba, kwa sababu marudio huongezeka zaidi wakati mbegu za kiume zinapotengenezwa.

Idadi ya marudio haitaji mwaka wa kuanza kuugua. Katika familia za Maracaibo ilieleza takriban asilimia 70 ya tofauti za umri wa kuanza. Sehemu iliyobaki ilitokana na jeni nyingine na mazingira. Kwa hiyo ndugu wawili wenye marudio 44 kila mmoja wanaweza kupishana miaka mingi, na daktari anayemtajia mtu mwaka anasema asichokijua.

Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu, wa kiume kwa wa kike. Hapa ndipo familia hukosea zaidi. Watoto wanne wa kwanza wakiugua, haimaanishi wa tano amesalimika. Na watatu wakisalimika, wa nne hajabeba zamu yao. Kila mimba ina bahati yake. Ugonjwa pia hauruki kizazi: aliyesalimika kweli hana cha kuwarithisha wanawe. Unaoonekana "umeruka" mara nyingi ni wa mzazi aliyekufa mapema, kwa ajali au maradhi mengine, kabla ya dalili kujitokeza.

Kwa kuwa koo za Zulia zilioana zenyewe kwa zenyewe, baadhi ya ndoa zilikuwa za watu wawili wenye jeni. Katika ndoa hiyo mtoto ana robo ya nafasi ya kutopata kabisa, nusu ya kupata nakala moja, na robo ya kupata mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: wenye nakala mbili hawakuweza kutofautishwa na wenye moja kwa kuwatazama. Nakala moja inatosha kuleta ugonjwa wote.

Kwa nini basi mtu azaliwe na jeni hii akae miaka 40 bila shida? Kazi iliyochapishwa Januari 2025 katika jarida la Cell imetoa jibu zuri. Marudio hayabaki yalivyo. Ndani ya chembe fulani za ubongo, katika sehemu ya kati inayoratibu mwendo, yanaongezeka polepole kwa miongo, kisha kwa kasi; chembe huanza kuharibika yanapozidi takriban 150. Kwa muda mrefu wa maisha chembe nyingi za mwenye jeni zinafanya kazi yake. Jambo hili linawapa watafiti mahali pa kushika: kuzuia ongezeko hilo.

Dalili zinavyoanza, na zinavyosomwa vibaya

Uchunguzi uliofanywa kwenye vibaraza vya Barranquitas haukuhitaji mashine, na muuguzi yeyote anaweza kuufanya leo. Mwambie mtu afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa: macho yanachelewa, au anapepesa ili yaweze kuhama. Mwambie atoe ulimi nje na kuushikilia kwa sekunde 10: unarudi ndani wenyewe. Mpe vidole vyako viwili avikamate: mkono unabana na kulegea, unabana na kulegea. Mwambie atembee kisigino kikigusa kidole. Kisha apige meza kwa ngumi, kwa ubavu wa kiganja, kwa kiganja kilicholala, kwa mfululizo huo tena na tena: mfululizo unapotea. Mtu mmoja mwenye uzoefu anaweza kumaliza yote haya kwa dakika chache.

Lakini nyumbani dalili za kwanza si hizo. Ni hasira zisizo na sababu, kazi kumshinda mtu aliyekuwa hodari, kulipa deni lilelile mara mbili, kukaa kimya siku nzima. Kuchezacheza kwa mabega na vidole hufuata, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye. Majirani husema amelewa, au amerogwa, au ana pepo. Mke husema amekuwa mvivu.

Dalili mbili zinahitaji kuelezwa kwa makini kwa sababu huvunja ndoa. Ya kwanza ni kutojiona. Mgonjwa anayumba, anaangusha vikombe, na anasema hana tatizo lolote. Hadanganyi wala hakatai. Ubongo wake haumletei habari za mwili wake. Kubishana naye, au kumrekodi kwa simu ili umwonyeshe, hakuleti chochote ila ugomvi. Sema kuhusu jambo, si kuhusu ugonjwa: "tubadilishe kiti hiki, kinateleza." Ya pili ni kutoanza. Anaweza kukaa kitandani hadi saa nane mchana, lakini ukimshika mkono ukamwambia "simama, tunaenda kuoga" anakwenda. Alichopoteza ni kile cha kuanzisha. Maagizo yawe moja moja. Ukimuuliza kitu, subiri kwa kuhesabu kimyakimya hadi 10 kabla ya kurudia, kwa sababu jibu lipo ila linachelewa, na swali la pili hulifuta la kwanza.

Hasira nayo ina vichochezi vinavyojulikana: njaa, kusubiri, kubadilishiwa ratiba, kelele, na kukatizwa anaposema. Nyumba yenye saa maalumu za kula, kuoga na kulala hupata ghasia chache kuliko nyumba inayoendeshwa kwa kubahatisha.

Chakula

Tutakaa hapa, kwa sababu hapa ndipo mgonjwa anapoweza kuongezewa miaka. Mgonjwa wa Huntington hukonda hata akila vizuri. Anayechezacheza sana anaweza kuhitaji kalori 4,000 hadi 5,000 kwa siku, kiasi cha mtu anayefanya kazi nzito ya shamba kutwa. Wakati huohuo anakula polepole, anamwaga, na koo lake halimtii. Sababu kuu ya vifo katika ugonjwa huu ni homa ya mapafu, mara nyingi kwa chakula au mate kuingia njia ya hewa. Sasa weka hali hiyo Zulia wakati uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, rafu za maduka zikawa tupu na umeme kukatika siku kadhaa, kama Machi 2019. Mtu mzima mwenye afya anavumilia mlo mmoja kwa siku kwa muda. Mgonjwa huyu havumilii.

Suluhisho ni kuweka nguvu nyingi ndani ya chakula kidogo. Chukua mfano wa uji, ambao kila jiko la kwetu linaujua. Gramu 60 za unga uliochujwa zina kalori kama 210. Pika kwa nusu lita, nusu maji na nusu maziwa yenye mafuta yake. Kikombe hicho cha maziwa kinaongeza 150. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kula ni 240. Vijiko vikubwa viwili vya siagi ya karanga ni 190. Vijiko vikubwa vitatu vya sukari ni karibu 145. Jumla inapita 900 katika bakuli moja, ilhali uji wa maji na sukari kidogo haufiki 300. Mpe mara tatu kwa siku, katikati weka parachichi iliyopondwa, mayai yaliyovurugwa laini, mtindi, viazi vilivyopondwa kwa mafuta. Milo mitano au sita midogo inafaa kuliko miwili mikubwa.

Siagi ya karanga lazima iyeyuke kabisa ndani ya uji. Ikibaki donge, inanata kooni na haikohoeki. Uji nao usiwe na madonge wala mwepesi: uzito unaofaa ni ule unaodondoka kijikoni kwa matone mazito. Vitu vyepesi kama maji na chai ndivyo vinavyopalia kuliko vyote, jambo linalowashangaza wengi. Vinakimbia kuelekea kooni kabla misuli haijafunga njia ya hewa. Vitu vikavu vinavyomung'unyika, kama biskuti, wali mkavu na bisi, vinatawanyika na punje moja inapotea njia. Supu yenye vipande ni mbaya kuliko supu tupu au vipande vitupu, kwa kuwa mdomo unalazimika kushughulikia vitu viwili kwa pamoja. Tonge la ugali mkavu na nyama ya kutafuna sana viachwe mapema, kabla ya kupaliwa kwa kwanza.

Namna ya kulisha ina uzito sawa na kinacholishwa. Mgonjwa akae wima, miguu imegusa chini, kiti kizito chenye mgongo mrefu na mikono. Anayemlisha akae mbele yake, macho kwa macho. Akisimama, mgonjwa huinua kidevu, na kidevu kikiinuka njia ya hewa hufunguka. Kidevu kielekee kifuani kidogo anapomeza. Tumia kijiko cha chai, si cha mezani. Ngoja ameze, tazama koromeo limepanda na kushuka, ndipo ulete kingine. Zima redio, watoto wasicheze mbele yake, wala asiulizwe maswali. Baada ya kula abaki wima nusu saa. Mlo unaweza kuchukua dakika 40, na nyumba ikubali hivyo. Kumharakisha mtu huyu ni kumweka hatarini.

Kinywa kisafishwe kwa mswaki mara mbili kwa siku, hata meno yakiwa machache, kwa sababu mate yanayoteremka kifuani hubeba vijidudu vya kinywani. Mpime uzito kila wiki mbili kwa mizani ileile na uandike. Kilo mbili zikipungua kwa mwezi, ongeza mafuta kwenye kila mlo siku hiyohiyo, usingoje kliniki.

Akipaliwa na bado anakohoa, mwache akohoe, usimpe maji. Akishindwa kukohoa, kusema au kupumua, mwinamishe mbele umpige mgongoni kati ya mabega kwa kiganja mara tano, kisha simama nyuma yake, zungusha mikono, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara tano. Rudia kwa kupokezana. Kila mtu mzima nyumbani awe amefundishwa hili kabla ya siku yenyewe.

Kuna swali la mpira wa kulishia tumboni. Liulizwe mapema, mgonjwa angali anaweza kusema ndiyo au hapana, na jibu liandikwe. Likisubiriwa hadi hawezi kusema, ndugu wataamua kwa kugombana.

Nyumba na dawa

Katika nyumba za nguzo za Laguneta, mtu anayeyumba ana maji chini yake. Kwenye nyumba za nchi kavu hatari ni jiko la mkaa, kingo za meza na ngazi. Godoro liwekwe chini, au kitanda kifupi kilichozungushiwa mito migumu pembeni. Asifungwe kamba. Kamba humjeruhi, humtia hofu, na kuchezacheza huzidi kadiri anavyopata hofu. Viti vya plastiki vyepesi vitolewe. Viatu viwe vya kufunga nyuma, si kandambili. Sigara zivutwe mtu akiwa karibu naye tu.

Kuhusu dawa, kosa la kawaida ni kutibu kinachoonekana. Kuchezacheza kunawashtua wageni, lakini mara nyingi mgonjwa mwenyewe hakumsumbui. Kama hakumzuii kula, kulala wala kutembea, hakuhitaji dawa. Kinachohitaji dawa haraka ni huzuni nzito, na dawa za kawaida za sonona hufanya kazi hapa kama kwingine. Hatari ya kujiua ni kubwa kuliko kwa watu wengine, hasa katika nyakati mbili: dalili zinapoanza kabla hazijathibitishwa, na mgonjwa anapoanza kushindwa kujitegemea. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Sumu za shambani na dawa zote za nyumbani zifungiwe.

Tetrabenazine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, hupunguza kuchezacheza. Huanza kwa miligramu 12.5 kwa siku na kupandishwa kwa hatua ya 12.5 kila wiki, taratibu. Inaweza kuleta sonona na mawazo ya kujiua, kwa hiyo mwenye historia hiyo apewe kwa uangalizi wa karibu sana au asipewe. Ni ghali, na nchi nyingi haipatikani kwa urahisi. Palipo na uhaba madaktari hutumia dozi ndogo za dawa za magonjwa ya akili, risperidone au olanzapine. Hii ya pili huongeza hamu ya kula na kusaidia usingizi, faida mbili zinazotafutwa. Haloperidol, dawa nyingine ya aina hiyo, kwa dozi kubwa ni kosa linaloonekana mara kwa mara: mgonjwa anatulia, familia inafurahi, kisha anakakamaa, anashindwa kumeza, na homa ya mapafu inafuata. Mtoto au kijana mwenye ugonjwa huu mara nyingi huwa mkakamavu tangu mwanzo na hachezichezi. Akipewa dawa hizo anazidi kukakamaa.

Kupima

Kuna kupima mgonjwa mwenye dalili ili kuthibitisha, na kuna kupima mtu mzima mwenye afya ambaye mzazi wake aliugua. La pili ni jambo jingine kabisa. Utaratibu wa kimataifa uliowekwa mwaka 1994, na kupitiwa upya baadaye, unataka mazungumzo na mshauri kabla ya damu kutolewa, muda wa kufikiri, jibu kutolewa ana kwa ana mtu akiwa na aliyemchagua kuja naye, na ufuatiliaji baadaye hata jibu likiwa zuri. Waliosalimika nao huumia. Wengine huona aibu mbele ya ndugu zao, wengine walikwishaacha kuoa wakingojea ugonjwa usiokuja. Asiye na dalili na hajafika miaka 18 hapimwi, hata wazazi wakiomba. Mchumba, mwajiri au shemeji hana haki ya kudai jibu.

Yako mambo yanayopaswa kuamuliwa kabla ya sindano. Nani ataambiwa, na nani hataambiwa? Jibu likifika siku ya mtihani au wiki ya harusi, litafunguliwa? Mjukuu akipimwa na kukutwa nao, baba yake ambaye hakutaka kujua ameshajulishwa, je, amezungumzishwa? Pia damu iliyotolewa kwa utafiti isichukuliwe kuwa mtu amepimwa.

Kutokupima ni uamuzi halali. Nancy Wexler, aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kukileta kipimo hiki, alikataa kwa miaka mingi kusema hadharani kama yeye mwenyewe alipima. Mwaka 2020, akiwa na miaka ya sabini, alieleza kwamba anao ugonjwa.

Walichotoa na walichopata

Familia hizi zilitoa damu, ngozi, mbegu za kiume, na ubongo wa marehemu wao. Mwaka 1999 kilifunguliwa kituo cha kulea wagonjwa Maracaibo, Casa Hogar Amor y Esperanza, chini ya Dkt. Margot de Young. Humo wagonjwa walipata chakula cha kutosha, godoro safi na mtu wa kuwalisha, na huo ndio uangalizi ulioelezwa hapo juu. Kituo kilishindwa kuendelea nchi ilipoingia kwenye mgogoro. Mei 2017 baadhi ya wagonjwa wa Amerika ya Kusini walipokelewa Vatican na Papa Fransisko, na kwa baadhi ya familia ilikuwa mara ya kwanza kutazamwa hadharani bila kuonewa haya. Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza kwamba tiba yake ya jeni, inayoingizwa ubongoni kwa upasuaji, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka mitatu kwa wagonjwa 12 waliopata dozi kubwa. Ni habari njema, ingawa idadi ni ndogo. Lakini upasuaji wa namna hiyo unafanyika katika hospitali chache sana, na Barranquitas iko mbali nazo zote. Kwa maoni yetu tiba yoyote iliyotokana na kromosomu za Zulia inapaswa kuwa na mpango wa kuifikisha Zulia tangu siku ya kwanza ya majaribio.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki

Ugonjwa huu upo kwetu. Wagonjwa wa Tanzania waliandikwa kwenye majarida ya kitabibu tangu mwaka 1981. Wengi hawafiki hospitalini kwa sababu familia imeshaambiwa ni uchawi, au mgonjwa amepewa jina la mlevi. Mtu anayechezacheza, aliyebadilika tabia, na ambaye mzazi au mjomba wake alikufa vivyo hivyo, achorewe nasaba ya vizazi vitatu kwanza: majina, umri wa kuanza, umri na namna ya kufa. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko picha ya kichwa.

Kuna jambo moja la ziada ambalo madaktari wengi hawalikumbuki. Mwaka 2001 ulielezwa ugonjwa mwingine unaofanana na Huntington karibu kwa kila kitu, unaotokana na jeni iitwayo JPH3 kwenye kromosomu namba 16, na walio nao karibu wote wana asili ya Afrika. Unarithiwa kwa hesabu ileile ya nusu kwa nusu na unahitaji uangalizi uleule. Kipimo cha Huntington hakiuoni. Mgonjwa wa huku akipimwa jeni ya Huntington na kuambiwa hana, familia hurudi nyumbani ikiamini si ugonjwa wa kurithi, na mara nyingi hurudi kwa mganga. Fomu ya maabara iandikwe yote mawili tangu mwanzo: HTT, yaani jeni ya Huntington, na ikiwa haina kasoro, JPH3 kwa sampuli hiyohiyo.